Katani ya Mbeere na Faiba ya Mombasa

Siku hizi ukilitaja jina la Embu mbele ya mtu wa Mombasa, Kilifi au Lamu, huna haja ya kumaliza maneno. Atakukatiza: muguka! Wala si ajabu, maana Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipoyapiga marufuku majani hayo, na kaunti nyingine za pwani zikafuata, shauri lilipelekwa Embu kwenyewe, na Mahakama Kuu ya huko ikaisimamisha marufuku. Yaliyosemwa wakati ule misikitini na mabarazani wasomaji wanayakumbuka, sina haja ya kuyarudia. Nataka kusema tu kwamba nchi ile ina majani mengine pia, marefu kuliko mkono wa mtu, yenye mwiba nchani, na hayo hayatafunwi na yeyote. Ni majani ya mkonge, na kwa ajili yake yuko binti mmoja wa Runyenjes anayesomea shahada ya pili ya uhandisi.

Runyenjes ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Embu kwenda Meru, katika miteremko ya Mlima Kenya. Juu ni chai, katikati ni kahawa, ndizi na makadamia, na hewa yake asubuhi humfanya mtu wa pwani atafute koti. Lakini ukitelemka kuelekea mashariki mambo hubadilika upesi. Joto linapanda, udongo unakauka, na hapo umeingia Mbeere, ambako mkonge hupandwa kandokando ya mashamba kuwa ua, na akina mama huupaa kwa kisu, wakausokota kamba na kufuma vyondo.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu aliyesomesha shule za pwani miaka mingi, na Kiswahili chake hata leo kingempitisha mtu wa Makadara. Huyo binti ni wake. Alinikaribisha kwa chai na nduma, kisha akacheka peke yake kabla ya kuniambia kinachomchekesha.

"Sheikh wangu," akasema, "majirani wakiniuliza binti anasomea nini, nawaambia uhandisi. Wakiuliza uhandisi wa nini, nikisema kompositi, wanadhani ni mbolea. Kuna mzee mmoja aliniomba anijie na gunia."

Mbolea ni komposti. Kompositi ni jambo jingine kabisa, na msomaji wa pwani analijua bila ya kulijua jina lake. Ni kitu kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi visivyoyeyukiana, kila kimoja kikabaki na umbo lake, lakini vikishikamana vikafanya kazi ambayo hapana kimoja chao kingeiweza peke yake. Aghalabu kimoja ni uzi na kingine ni gundi. Uzi hubeba mvuto, na gundi huzishika nyuzi pamoja, ikauhamisha mzigo kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Boti za faiba tunazoziona Mtwapa, Kilindini na Lamu ni kompositi: nyuzi za kioo zilizolowekwa katika rezini ya poliesta, zikagandishwa ndani ya kalibu. Kioo peke yake huvunjika kwa kuanguka mezani, na rezini peke yake hupasuka kama ukoko. Viwili hivyo pamoja hupigwa na mawimbi miaka ishirini.

Wala si elimu ya jana. Wapiga mishale wa Kituruki wa enzi za Masultani wa Uthmaniya walikuwa na upinde uliotengenezwa kwa mti katikati, pembe upande wa tumboni, mishipa ya mnyama upande wa mgongoni, na gundi kuvishika vyote. Upinde mmoja ulingojewa miezi mingi ukauke. Huko Istanbul, mahali paitwapo Okmeydanı, yalisimamishwa mawe kuonyesha mishale mirefu ilipoangukia, na mingine ilipita mita 800. Mafundi wale hawakuwa na shahada ya pili, lakini walijua kwamba pembe hustahimili kubanwa na mishipa hustahimili kuvutwa, na kwamba gundi ikiwa mbaya vyote viwili ni bure.

Hapo kwenye gundi ndipo ulipo mzizi wa masomo ya binti huyu. Nilipomwuliza ni nini hasa kinachomkalisha chuoni miaka miwili baada ya kwisha kuwa mhandisi, hakunitajia hesabu wala mitambo. Alikwenda jikoni akarudi na uzi wa katani aliopaa mama yake, akautumbukiza katika kikombe cha maji, akautoa.

"Tazama, Mzee. Huu unakunywa maji. Rezini haipendi maji. Sasa mimi kazi yangu ni kuwapatanisha."

Katani ina sifa nyingi njema. Sentimita moja ya ujazo wa kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi, na ya katani gramu 1.45 tu au karibu na hapo. Vumbi lake haliwashi ngozi kama la kioo, na kuotesha mkonge hakuhitaji tanuri. Kwa nguvu kioo kinaushinda mara tatu au zaidi, lakini si kila kitu kinahitaji nguvu za kioo. Tatizo ni hilo la maji. Uzi uliojaa unyevu huvimba, ukikauka husinyaa, na kila ukifanya hivyo unajitenga kidogo na rezini iliyouzunguka. Mtu haoni kitu kwa nje. Siku moja bamba linapasuka, na ukilitazama pale lilipokatikia kwa darubini ya elektroni utaona nyuzi zimechomoka safi, kama jambia linavyotoka alani. Maana yake ni kwamba gundi haikushika chochote. Pale iliposhika vyema, uzi wenyewe hukatika, na mabaki ya rezini huonekana yameung'ang'ania.

Waliolishughulikia jambo hili mapema ni pamoja na watu wetu wa Afrika Mashariki, na naona haya kwamba majina yao hayajulikani hata nusu ya majina ya wachezaji mpira. Mtanzania Elifas Bisanda, aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alisomea mambo ya katani katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Mwaka 1991, pamoja na Martin Ansell wa chuo hicho, alichapisha uchunguzi wa kuipaka katani dawa iitwayo sileni kabla ya kuitia katika rezini ya epoksi. Mwaka uliofuata wakatoa uchunguzi mwingine ambao mimi unanipendeza zaidi, kwani gundi waliyoitumia haikutoka katika mafuta ya petroli. Ilitoka katika ganda la korosho.

Mtoto yeyote wa Kilifi, Kwale au Mtwara aliyepata kubangua korosho mbichi kwa meno anaujua utomvu ule, na pengine alama yake bado iko mdomoni. Utomvu huo unaochoma, ukipikwa na kuchanganywa na fomaldehidi, huganda ukawa rezini ngumu isiyorudi kuyeyuka. Viwandani unga wake hutiwa katika bitana za breki za magari. Bisanda na Ansell waliloweka katani humo wakafanyiza mabamba, mengine bapa na mengine ya mawimbi mfano wa mabati, wakayapima kama yangeweza kuezekea nyumba. Fikiri basi: uzi kutoka Tanga, gundi kutoka Lindi, nyumba ikaezekwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2002, Mtanzania mwingine, Leonard Mwaikambo, naye pamoja na Ansell, alilinganisha katani, bangi ya nyuzi, juti na sufi, akachunguza jinsi kila uzi unavyobadilika ukioshwa kwa soda ya kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni. Sufi, ndiyo, ya magodoro yetu.

Binti wa Runyenjes anasoma kazi za watu hao kama sisi tulivyosoma juzuu. Kostiki ikiwa kidogo uzi hausafiki, ikizidi unaoza. Anaosha, anakausha, anatia rezini, anagandisha, anakata vipande vilivyokonda katikati, kisha anavipeleka kwenye mashine ya kuvuta mpaka vikatike. Kipande kimoja hakitoshi. Vinavunjwa vitano au zaidi kwa kila namna, maana uzi wa shambani hauna adabu ya uzi wa kiwandani. Huu ulikua mwaka wa mvua, ule wa kiangazi, huu umetoka chini ya jani, ule nchani. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa hesabu na kemia. Mwaka huu wa pili ni wa kungoja foleni ya mashine, na mashine ya chuo chake, ambacho sitakitaja, imelala miezi minne ikingoja kipuri.

Wako watakaouliza, na niliwasikia wakiuliza hata Runyenjes, kama haya yote si kupoteza wakati. Fundi akitengeneza bamba likawa gumu, si basi? Jibu langu ni hadithi ya saruji. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati bati lilipokuwa ghali na wataalamu wakitafuta namna ya kuwaezekea maskini, walimu wawili wa Chuo cha Kenyatta, Swift na Smith, walikuwa wakichunguza saruji iliyotiwa katani. Ilikuwa fikra nzuri, na si Kenya peke yake iliyokuwa nayo. Bamba la saruji na katani likitoka kalibuni ni imara, unalipiga nyundo haliachani. Lakini mwaka 1983 Hans-Erik Gram wa Sweden alieleza yanayotokea baadaye. Maji yaliyomo ndani ya vitundu vya saruji ni makali, yana tabia ya magadi, na polepole huyeyusha kile kinachoziunganisha chembe za uzi. Mvua na jua zikipokezana, uzi unakwisha ndani kwa ndani. Bamba lililokuwa halivunjiki kwa nyundo linakuwa jepesi kuvunjika kama biskuti, na wakati huo limo juu ya vichwa vya watoto waliolala.

Hakuna fundi awezaye kuliona hilo kwa kuangalia. Inataka mtu akae nalo miaka, apime, aandike, apime tena. Gram alionyesha kwamba dawa mojawapo ni kuupunguza ukali wa saruji kwa kuibadilisha sehemu yake kwa unga laini wa silika, na wengine baada yake wakajaribu jivu la makapi ya mpunga. Elimu ya uzamili, kwa ufupi, ni kuujua mwaka wa tano wa kitu ungali katika mwaka wake wa kwanza. Anayesema ni anasa ya wasomi na alale chini ya bamba lile.

Basi kama nyuzi ni zetu, na gundi tunayo, na waliochunguza ni ndugu zetu, bidhaa ziko wapi? Mkonge si mmea wa asili huku. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na vilivyosalia hai kufika Tanga ni 62 tu. Kutoka hapo Tanganyika ikaja kuongoza dunia, na katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka. Kenya mashamba makubwa yamebaki, na msafiri wa Mombasa hadi Malindi huyaona Vipingo, na wa Voi hadi Taveta huyaona Mwatate. Lakini katani hiyo kwa sehemu kubwa husafirishwa ghafi. Saudi Arabia ni mmojawapo wa wanunuzi wake, na kazi yake moja kubwa huko ni kutiwa ndani ya jasi ya dari na kuta ili isipasuke. Kwa hivyo huenda Haji wetu akilala Makka akitazama dari, anaitazama katani ya Taita iliyokwisha kuwa kompositi na kupandishwa bei.

Si kwamba haiwezekani. Ujerumani ya Mashariki, ile iliyowajengea Wazanzibari magorofa ya Kikwajuni, ilitengeneza gari la Trabant tangu 1957 hadi 1991, na bodi lake lilikuwa la mabaki ya pamba yaliyogandishwa kwa rezini, kwa sababu chuma cha mabati kilikuwa adimu. Watu walilicheka gari lile. Lakini yalitoka kiwandani karibu milioni 3.

Nilizungumza na mpwa wangu, fundi wa faiba huko Mtwapa, baada ya kurudi. Huyu hakuvuka kidato cha nne. Rezini anaichanganya kwa jicho, dawa ya kugandisha anaipima kwa kifuniko cha chupa, na akikosea kidogo ndoo inafuka moshi. Lakini akigonga ubavu wa boti kwa ukucha anakwambia maji yameingia wapi. Nilipomweleza kuhusu uzi unaochomoka kama jambia, alinyamaza, kisha akasema: "Mjomba, hayo ndiyo malengelenge! Mimi huyaona kila siku, nikayakwangua nikapaka upya. Sikujua yanaanza wapi." Alikuwa anaeleza maji ya bahari yanavyopenya ngozi ya nje ya boti na kuvimbisha ndani, jambo ambalo vitabu vina sura nzima juu yake. Na yule binti, aliyezisoma sura hizo, hajapata kugusa boti maishani mwake. Alikiri hivyo bila ya kuona haya. Ameiona bahari mara mbili.

Hapa ndipo ninapowalaumu watu wangu kidogo. Vijana wetu wa pwani wanaifahamu faiba kwa mikono kuliko mtu yeyote Kenya, lakini ni wangapi tumewapeleka wakaisomee? Tunasema ada ni kubwa, na mkopo una riba. Ni kweli. Mwalimu wa Runyenjes ameuza robo eka ya kahawa, na mkewe hakusema naye juma zima. Lakini sisi tunazo wakfu, na wakfu zimejenga misikiti mizuri na madrasa, Mola awalipe waliozitoa. Sijapata kusikia iliyomsomesha mhandisi shahada ya pili. Anayeijua na aniandikie, nitafurahi kuwa nimepitwa.

Jambo linaloikosesha nyumba ile usingizi sasa si ada tena. Binti amepata nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa katika chuo kimoja cha Ulaya, kila kitu kimelipwa, ila somo limechaguliwa na wanaolipa. Si katani. Ni nyuzi za kaboni na za kioo kwa ajili ya panga za mitambo ya upepo. Baba anasema aende. Anakumbusha kwamba huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya upepo, na panga zake ni kompositi. Nani atazitengeneza zikipasuka? Anataja pia ndege za Dreamliner ambazo Kenya Airways imekuwa ikizirusha tangu 2014, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni kompositi. Mama anasema akienda harudi. Na nadhani mama anajua kuhesabu, maana kiwanda cha kumrudia hakipo. Binti mwenyewe alisema neno moja tu mbele yangu: "Nikiiacha katani sasa, vipande vyangu vitatupwa." Mimi nilikuwa mgeni, sikutia mkono. Lakini kama ningeulizwa ningesema aende, kwa sharti la kubeba furushi la katani sandukuni, kwani uzi wa kaboni na wa mkonge hushindwa mahali pamoja, pale panapokutana na gundi.

Kabla sijaondoka aliniomba kitu. Maabara yao huchanganya chumvi katika maji ya bomba wakayaita bahari. Yeye alitaka bahari yenyewe, pamoja na vijidudu vyake, aviloweke vipande vyake humo siku 90. Na kama fundi wangu ana mabaki ya boti kuukuu, apelekewe pia.

Nikampelekea. Mpwa wangu aliteka lita 20 katika mkono wa bahari wa Mtwapa maji yalipokuwa yamejaa, akaongeza kipande cha ubavu wa boti la zamani chenye malengelenge, na juu yake akaandika kwa kalamu ya wino mwaka alioliunda na mara alizolitengeneza, jambo ambalo sikumwambia alifanye. Kondakta wa basi la Nairobi alilifungua dumu, akanusa, akauliza ni dawa ya nani. Lilifika Runyenjes siku ya tatu. Vipande viliingia majini Jumatatu iliyofuata, na binti amewaandikia wale wa Ulaya akiwaomba wamngojee mpaka vitoke. Bado hawajamjibu.